Pedeli Zisizo na Klipu

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka kumi na moja, niko darasa la pili, na hapo ndipo shida zilipoanza. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani, kwenye mashine ya kumenya kahawa. Asubuhi za kule zina baridi inayouma mifupa, na vibarua hawakuwa na viatu. Walifunga miguu kwa vipande vya gunia na kamba ya katani. Mkanda wa mashine ukadaka ncha ya kamba ya baba. Walipozima injini, mguu wa kulia ulikuwa umekwisha, kuanzia goti kwenda chini.

Mimi nikatoka shuleni nikashika kikapu cha kuchumia kahawa. Sikurudi tena. Herufi chache nilizokuwa nimeshazipata nilizitunza kama mtu anavyotunza mbegu, na ndizo ninazoandikia haya. Sitaki kuhurumiwa. Nimetaja mguu wa baba kwa sababu bila huo mguu hutaelewa kwa nini niliogopa pedeli.

Baiskeli nilijifunza mwenyewe, kwa kuzifungua na kushindwa kuzifunga. Kufikia mwaka 2002, nikiwa na miaka arobaini na miwili, nilikuwa fundi pale Karatu, na hakuna aliyeniambia neno kuhusu gia nikakosa jibu. Bosi mmoja, Mchaga kutoka Moshi, alikuwa na kampuni ndogo ya utalii na baiskeli nane za mlimani. Nilimzidi kama miaka kumi. Mimi nikimwita bosi, yeye akiniita mzee, na kila mmoja aliona amempa mwenzake cheo cha bure.

Siku moja akaja kwenye kibanda changu akakaa juu ya tairi. Akasema Julai wanakuja wageni sita, waendesha baiskeli hasa, wanaotaka kuanzia kwenye mashamba ya kahawa chini ya msitu wa Ngorongoro mpaka Mbulumbulu, pale nchi inapokatika na Bonde la Ufa linaanza. Anatakiwa mtu wa kutangulia mbele, anayejua njia. Miaka minne nilikuwa nimemwomba kazi hiyo. Anayetangulia ana ajira ya mwaka mzima na anakula meza moja na wageni. Fundi anaitwa kitu kikiharibika, na kikipona anasahaulika.

"Njia unaijua kuliko mimi," akasema. "Lakini hawa watu wanapanda mlima kama mbuzi. Ukitangulia na makatambuga yako utaachwa kabla ya kona ya kwanza. Una wiki tatu. Usipoweza, nachukua kijana Arusha."

Makatambuga ni ndara za tairi la gari, na yangu yalikuwa mazuri.

Akanipa boksi la vitu walivyoviacha wageni wa nyuma: pea tatu za pedeli ndogo za ajabu, hazina hata pa kuweka wayo, na viatu vyenye kipande cha chuma kimefungwa kwa skrubu chini ya soli. Juu ya boksi palikuwa na neno la Kizungu. Bosi, aliyefika kidato cha nne, akalisoma kwa sauti: klipulesi. Akanieleza kwamba mwisho wa neno, lesi, maana yake ni bila. Kwa hiyo hizi ni pedeli zisizo na klipu, hazishiki kitu. Kile chuma cha kwenye kiatu ni cha kuzuia usiteleze.

Nikaamini neno la kwenye boksi. Ndilo kosa langu.

Nilifunga pea moja siku ya mnada, soko kubwa la Karatu, maana nilitaka nionekane. Nikavaa vile viatu, nikapanda, nikasikia kitu kinalia *ta* chini ya mguu wa kulia, halafu *ta* chini ya wa kushoto. Nikadhani ndiyo sauti yake. Nikapita katikati ya watu kifua mbele. Mbele yangu ng'ombe mmoja akajigeuza njiani, nikakamata breki, nikataka kuweka mguu chini. Mguu haukuja. Nikavuta, haukuja. Baiskeli ikasimama, ikafikiri kidogo, kisha ikalala polepole upande wa kulia na mimi nikiwa juu yake, mpaka kwenye rundo la vitunguu vya mama mmoja wa Mang'ola.

Kuanguka si kitu. Kitu ni kwamba hata pale chini miguu haikutoka. Nilikuwa nimelala kwenye vitunguu nikipiga mateke pamoja na baiskeli nzima.

Yule mama akainama kunitazama. "Baba, shuka basi," akasema. "Au umezaliwa nayo?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami pengine ningecheka, lakini nilimwona baba. Alikuwa akiuza ugoro pale mnadani kila mara, na sasa alikuja na magongo yake mawili, watu wakimpisha. Alisimama juu yangu. Hakuangalia uso wangu, aliangalia mguu wa kulia na kile chuma.

"Mimi chuma kilikula mguu bila kuniomba," akasema. "Wewe unakipelekea wako."

Akageuka akaenda zake, na tangu siku ile akawa ananikwepa. Mtu mmoja akanivua viatu nikatembea nyumbani na soksi.

Siku nne zile pedeli zilikaa ndani ya gunia. Nilipopita karibu nalo niliona mguu ukifa ganzi. Mchana, nikiwa nimekaa na spana mkononi, nilikuwa nausikia mkanda wa ile mashine, na wala haikuwepo. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia bosi achukue kijana wake.

Siku ya tano akaja mwenyewe, uso wa aibu. Alikuwa amemuuliza mgeni mmoja kwenye loji, na yule mgeni alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Kumbe zamani Wazungu walifunga mguu kwa kikapu cha chuma na mkanda juu ya pedeli, na kikapu kile ndicho walichokiita klipu. Zilipokuja hizi mpya kikapu kikaondolewa, wakaziita zisizo na klipu, na hali zinakamata kuliko za kwanza. Kutoka huvuti juu. Unasukuma kisigino nje, kama unazima kipisi cha sigara.

"Kwa hiyo zinaachia," nikasema.

"Zinaachia, mzee. Ukizijua."

Hilo neno moja lilinitosha. Kitu kinachoachia kina tabia, na kitu chenye tabia kinaweza kusomwa hata na mtu wa darasa la pili.

Nikaanza kuchagua. Wengine huchagua kwa kung'aa, mimi nilichagua kwa tope. Nilichota udongo mwekundu wa Karatu, nikaukanda kwa maji kama wa kujengea, nikazijaza pea zote tatu, nikaziacha juani. Kisha nikashika kiatu kwa mkono nikakishindilia. Pea ya kwanza ilikuwa na upande mmoja tu wa kushika, na huo ukajaa udongo ukawa tofali. Ya pili ilikaza sana. Ya tatu ilikuwa nyembamba, ina uwazi pande zote, udongo ukadondoka wenyewe kwa upande wa pili. Nikaichukua hiyo. Nikakumbuka, kama kila fundi, kwamba ya kushoto inafungwa kinyume. Karibu na springi pana skrubu ndogo yenye alama mbili, ya kujumlisha na ya kutoa. Hesabu yangu ilitosha. Nikaipeleka kwenye kutoa mpaka mwisho, ishike kwa upole. Kile chuma cha kiatu nikakisogeza mpaka kikakaa chini ya mfupa wa kidole gumba, kwa sababu kikienda mbele zaidi shavu la mguu linauma, na kikikaa upogo goti linalalamika.

Halafu ukutani. Nikaegemea ukuta wa nyumba yangu juu ya baiskeli: ingiza, kisigino nje, toa. Asubuhi na jioni. Mke wangu akipita na ndoo alinitazama nikishuka na vile viatu vinalia ko, ko, ko juu ya sakafu.

"Baba watoto," akasema, "punda akishapigiliwa chuma kwatoni, kinachofuata ni mzigo."

Wiki ya pili nikaenda peke yangu mpaka Mbulumbulu. Sijui nielezeje siku hiyo. Ukiendesha na makatambuga, mguu unasukuma chini, basi, juu unarudi bure kama kibarua asiye na kazi. Sasa mmoja ulisukuma na mwingine ukavuta, na mlima niliokuwa nikiupanda kwa kutukana ukaja wenyewe chini yangu. Baada ya muda sikujua mguu unaishia wapi na chuma kinaanzia wapi. Ngano ilikuwa inaanza kuiva, upepo unaipapasa, na mashamba yalipita kama kitu ninachokikumbuka, wala si kitu ninachokiona. Nikahisi nimekwisha pita pale zamani, nikiwa mwepesi, kabla ya kahawa na kikapu. Nilipofika ukingoni, bonde lilikuwa limejaa mwanga mweupe na halina chini. Nikasukuma kisigino nje. Mguu ukaja mara moja, kama mtoto aliyeitwa jina. Nikakaa pale muda mrefu bila kufikiri chochote.

Hapo ningeacha ujanja. Lakini fundi hawezi kuona springi ikafanya kazi akaiacha. Siku moja kabla ya wageni nilizipaka pedeli mafuta ya mkia wa kondoo. Sisi Wairaqw mafuta ya kondoo tunayapaka kila kitu, ngozi, mlango unaolia, kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Mchana wa jua la Karatu pedeli zikawa laini kama ulimi. Nikajisifu.

Asubuhi ya safari gari lilitupeleka juu, chini ya msitu. Julai, ukungu mzito, pumzi zinaonekana. Wageni sita, bosi nyuma yao, mimi mbele. Nikaingiza miguu, ikaingia vizuri. Tukaenda kimya kwenye njia ya gari la shamba, kahawa upande mmoja na msitu upande wa pili, matairi hayasikiki. Nilikuwa kama nimerudi kwenye ile siku ya Mbulumbulu.

Ukungu ukasogea mbele yangu. Nikatazama tena, na haukuwa ukungu. Ulikuwa ubavu wa tembo. Nyuma yake mwingine, na mtoto katikati yao, wanatoka msituni kuvuka njia, hawana haraka, hawana sauti, kama vilima vilivyochoka kukaa mahali pamoja.

Nikainua mkono juu. Nyuma yangu nikasikia *ta, ta, ta*, wageni wakitoa miguu. Nikasukuma kisigino nje. Mguu haukuja.

Mafuta ya kondoo. Kila mpishi anajua, na mimi najua tangu utotoni: sahani ikipoa, mafuta ya kondoo yanaganda kama mshumaa. Springi ilikuwa imekufa ndani ya baridi. Nikasukuma kushoto, haukuja. Baiskeli ikaanza kufikiri, kama siku ya vitunguu, nami nikijua kwamba safari hii nikianguka na chuma chote kile, tembo yule mkubwa atageuka.

Nilidaka tawi la mkahawa pembeni, nikashikilia. Na hapo, nashangaa mpaka leo, sikuisikia ile mashine. Nilifikiri jambo moja tu: kamba ya katani ya baba haikufunguka. Kiatu kinafunguka. Nikainama, kwa mkono mmoja nikafungua kamba ya kiatu cha kulia, polepole, nikachomoa mguu kama unavyochomoa kisu kwenye ala. Nikauweka chini na soksi, kwenye umande. Nikasimama. Kiatu kikabaki juu ya pedeli peke yake.

Tembo walivuka. Yule mtoto alisimama akatunyooshea mkonga kidogo, mama yake akamsukuma. Ukungu ukafunga. Jua lilipopenya, mgeni mmoja akaonyesha kile kiatu na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko, na wote wakacheka kimya kimya.

Bosi akaja mpaka pembeni yangu. Akaangalia soksi iliyolowa, akaigusa pedeli, akanusa kidole.

"Mzee, hii ni kondoo?"

"Ni kondoo."

"Kesho paka grisi," akasema. "Keshokutwa kuna wageni wengine, na wewe ndiye wa mbele."

Jioni nilizifungua zile pedeli, nikachukua moja na kiatu kimoja mpaka kwa baba. Nikamwekea magotini. Sikumweleza kitu, maana yeye hakupenda kuelezwa. Alishika pedeli mkono mmoja na kiatu mkono wa pili, akashindilia. *Ta.* Akavuta, ikakataa, na uso wake ukawa mgumu. Nikamwonyesha kwa kiganja namna ya kupinda. Akapinda. Ikaachia. Akarudia, akarudia tena, mara nyingi, jua likishuka nyuma ya Oldeani, na kila ikiachia alikuwa anatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayehesabu.

"Hii inaachia," akasema mwishowe.

"Inaachia, baba."

"Ile haikuachia."

Alikaa na pedeli ile magotini mpaka alipoitwa kula. Mnadani hakunikwepa tena.

Nilitangulia mbele miaka kumi na moja. Leo nina nyumba ya tofali ya vyumba vitano, bati lote jipya. Ekari tatu Mbulumbulu, mbili za mahindi na maharage, moja ya ngano. Ng'ombe wawili wa maziwa na mtamba mmoja. Kondoo tisa. Kibanda cha ufundi Karatu chenye mlango wa chuma. Magongo mawili ya marehemu baba. Miguu yote miwili. Pea saba za pedeli. Baiskeli sita, tano zinatembea.