Orpha Vosteen na Gari la Wafu Wenye Haraka

Orpha Vosteen alikuwa na gari ambalo wanaume wa Pruitt waliapa kwamba halijawahi kuundwa. Walilitazama kwa macho yao, wakaliegemea, wakamwagia soda boneti lake, kisha wakasema halipo.

Pruitt ni uwanja wa mbio za robo maili huko Indiana, mahindi kushoto, mahindi kulia, na lami nyembamba katikati. Magari hukimbia mawili mawili, moja kwa moja, bila kona. Kundi linaloheshimiwa kuliko yote ni la magari ya kiwanda: bodi iwe ileile, injini ileile na gia zilezile zilizotoka pamoja siku gari lilipozaliwa. Ukichanganya, unatupwa kwenye kundi la machotara, ambako hata mtu aliyefunga injini ya trekta hupokewa kwa mikono miwili.

Gari la Orpha lilikuwa refu, jeusi, la familia, lile la kubeba watoto, mbwa na mifuko ya mbegu. Chini ya boneti lilikuwa na injini kubwa kuliko zote za mwaka wake, na gia yake ilisimama sakafuni kama fimbo ya mchungaji. Kwa miaka mingi Orpha alilileta, na kwa miaka mingi aliambiwa aende kwa machotara. Hakwenda hata mara moja. Aliegesha langoni, akafungua viti vya kukunja, akala mkate wake wa nyama ya nguruwe ya kukaanga iliyozidi mkate pande zote, akawatazama wanaokimbia mpaka jua likashuka. Kisha akarudi nyumbani akiwa hajakimbia, na Jumamosi iliyofuata akaja tena.

Yeye alijua gari lilivyozaliwa. Baba mkwe wake, mzee Vosteen, alikuwa ndiye mzikaji wa mji, na siku hizo mzikaji ndiye aliyekuwa na gari la wagonjwa pia, kwa sababu ndiye pekee mwenye gari ambalo mtu angeweza kulala ndani yake. Watu walimcheka kwamba mgonjwa akipona analipa na akifa analipa zaidi. Mzee yule, kwa hasira, akaagiza kiwandani gari la familia lenye injini kubwa kuliko zote. Alitaka mji uone kwamba anapenda wafike hai. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amezoea kuendesha maiti na hakuweza kwenda kasi, hivyo usukani akapewa mke wa mwanawe. Wanasema Orpha akiondoka kwenda kwa mgonjwa, kivuli cha gari kilibaki uani kikiuliza wenzake wameelekea wapi.

Jumamosi moja ya Agosti alifika kwenye banda la ukaguzi akiwa na chupa ya kiwi nyeupe ya viatu mfukoni. Pale Pruitt, mkaguzi akikukubali anakuandikia kundi lako kwenye kioo kwa kiwi hiyo. Mkaguzi alikuwa Delbert Kinsler, mtu mpole mwenye tumbo la heshima. Aliyekuwa akimpigia kelele sikioni ni Royce Tackett, bingwa wa kundi, mwenye gari jekundu la milango miwili.

"Bi Orpha, tumeshaongea haya," Delbert alisema. "Injini hii ilitoka kwenye magari ya milango miwili. Magari ya familia yalitoka na ndogo."

"Na gia ya pembeni mwa usukani," Royce akadakia. "Hiyo ya sakafuni mumeo aliichomekea kwenye karakana, Mungu amrehemu."

"Mume wangu alikuwa hawezi kuchomeka msumari kwenye siagi," Orpha alisema. "Delbert, funua tumbo."

"Bibi wee."

"Funua tumbo, watu waone kovu lako. Nani alikupeleka hospitali kidole tumbo chako kilipopasuka? Ulilia kama mbuzi njia nzima, na gari lilikuwa jipya, viti bado vina nailoni."

Delbert akawa mwekundu. Mama yake, Bi Elda, aliyekuwa akiuza pai mezani hatua chache kutoka pale, aliacha kisu.

"Gia ilikuwa sakafuni," alisema. "Nilikuwa nimempakata mbele, na kila Orpha akibadilisha gia, goti la mwanangu linapigwa. Tulifika daktari hajavaa kiatu cha pili."

"Mama, huo si ushahidi."

"Wewe mwenyewe ndiye ushahidi. Ungekuwa kwenye injini ndogo, leo nisingekuwa na mtu wa kubishana naye."

Uzio mzima wa watazamaji ulicheka, isipokuwa Royce. Orpha alifungua chupa yake, akaandika mwenyewe kundi la magari ya kiwanda kwenye kioo, herufi kubwa zinazopanda mlima. Delbert alichukua kitambaa. Alimtazama mama yake. Akakirudisha kitambaa mfukoni.

"Utakimbia," alisema. "Lakini kama kuna mpinzani anayepinga, tutaamua baada ya mbio. Nikikuta si halali, ni kama hukuwepo, na aliyekimbia nawe hakushinda mtu."

"Ninapinga," Royce alisema.

"Pinga, mwanangu," Orpha alisema. "Pumzi ni yako."

Akawapiga wawili wa mwanzo bila kutoka jasho, mpaka wakabaki yeye na Royce kugombea kikombe. Akiwa anangoja taa, mguu kwenye klachi, Orpha alifikiria. Akishinda, Royce atang'ang'ania pingamizi lake kama kupe, na Delbert, mpole vile, atachoka na kumwachia. Kikombe hakikuwa kimemleta. Alichotaka ni kinywa kilekile kilichomwita mumewe mdanganyifu kiseme maneno mengine.

Taa ikawa kijani. Gari jeusi lilitoka kwa nguvu hata mahindi yakainama kulitazama. Kufika katikati alikuwa mbele kwa urefu wa jeneza. Hapo akainua mguu kwenye mafuta, kidogo tu, kama mtu anayekwepa paka. Gari jekundu likapita.

Delbert alikuja na kikombe, akakishika kwapani.

"Royce, unapinga bado? Maana kama gari la bibi si halali, hapakuwa na mbio, na hiki kinarudi kabatini."

Royce alitazama kikombe. Akatazama watu uzioni.

"Ni halali," alisema.

"Wale wa nyuma hawakusikia," Orpha alisema.

"Gari la Vosteen ni halali. Limetoka kiwandani hivyo hivyo."

Delbert alimpa kikombe. Kisha akachukua kiwi, akaipitia upya kila herufi ya Orpha, taratibu, ikolee.

Royce alimfuata mpaka mlangoni mwa gari. "Uliinua mguu, wewe bibi."

"Pinga basi," Orpha alisema, akawasha injini.

Kesho yake aliegesha mbele ya kanisa, kioo hakijaoshwa.