Manjano ya Bi Dhara

Mke wangu Thuwaiba ni daktari wa wanyama, na mimi naogopa mbwa. Majirani zetu wa mtaa wa Kiponda, Unguja, walishacheka mpaka wakachoka, siku hizi wananionea huruma tu. Juu tunaishi, chini anatibu. Penye ngazi pana ndoo ya udongo safi, maana aliyeguswa na mate ya mbwa hapandi juu mpaka ajitwaharishe mara saba, moja kwa udongo. Ndoo hiyo huijaza mimi. Huo ndio uliokuwa mchango wangu wote katika utabibu, mpaka alipoletwa Moti.

Moti ni kijibwa kichanga cha Bi Dhara, mjane wa Kihindi mwenye duka la viungo karibu na soko. Watoto wa Bi Dhara wako ng'ambo, na kwake hana wa kusema naye ila kijibwa hicho. Kilikuwa kimekonda mbavu, tumbo limejaa, na weupe wa macho umegeuka manjano.

"Ni manjano yangu hayo, daktari," alisema Bi Dhara. "Kila siku nnamtilia kwenye maziwa, yamtoe minyoo."

Katika nyumba ambayo vidole, vikombe na mapazia yote yamepata rangi ya manjano, nani angeshtuka? Ndivyo wiki zilivyopita. Mwishowe Thuwaiba alimkataza Bi Dhara kabisa kumpa manjano. Hata hivyo macho yakazidi kuwa ya manjano, na choo kikatoka cheupe kama chokaa. Ndipo akampima tumbo kwa ultrasaundi, akatuonyesha mfuko wa nyongo ulivyovimba.

"Mfereji wa kupeleka nyongo kwenye utumbo umeziba," alisema. "Kazaliwa hivi. Nyongo inarudi kwenye ini, na ini linakufa. Dawa yake ni kumpasua, niuunge mfuko wenyewe na utumbo."

Bi Dhara alishika ukingo wa meza. "Nna yeye tu, mwanangu," alisema.

Tungemvusha bahari kumpeleka Dar, asingefika hai. Mchana ule nilimkuta Thuwaiba jikoni anaosha kikombe ambacho kilikwishatakata.

"Nnaogopa, Himid," aliniambia. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kulisikia neno hilo kwake. "Nshaona ikifanywa mara moja tu, chuoni Morogoro. Ini bovu damu haigandi. Na nyongo ikivuja tumboni, basi tena."

Alimpiga Moti sindano za vitamini K ili damu igande. Msaidizi wake, Msabah, alikuwa mazikoni Uroa, na mtu wa kumshikia vyombo hakuna. Nikasema nitasimama mimi. Mimi ni mshonaji wa kanzu, sindano nimezizoea, lakini kanzu haitoki damu.

Moti alilala chali kwa dawa ya usingizi, mdogo kuliko mkono wangu wa kanzu. Ini lilikuwa na rangi ya majani mabichi, na mfuko wa nyongo umekakamaa. Thuwaiba alishona kwa uzi mwembamba hata nikawa siuoni. Kila damu ilipochuruzika aliacha kupumua, nami nikaacha naye. Ghafla kijibwa chenyewe kikaacha kupumua. Nilisoma kila dua niliyoijua, hata ya kupanda jahazi, mpaka kifua kikainuka tena.

"Sasa tungoje choo," alisema alipomaliza. "Kikibaki cheupe, nyongo haipiti. Kikipata rangi, kapona."

Basi tukawa watu wazima watatu tunaongojea choo cha mbwa. Bi Dhara alikaa naye kutwa, anakuja na birika lake na kurudi nalo. Siku ya pili akapiga ukelele: "Manjano! Daktari, kimepata rangi!" Akalia, akanikumbatia mimi, ambaye hajawahi hata kunipa mkono.

Thuwaiba hakucheka. Alilitazama lile birika. "Bi Dhara, umempa nini?"

Bi Dhara akajifuta pua. "Maziwa tu... na manjano. Kidogo. Mamangu akisema yanafunga kidonda."

Basi rangi ile huenda ilikuwa ya manjano yake, si ya nyongo. Nilipandwa na hasira! Nilimtolea maneno ambayo mtu hamwambii mtu aliyempita umri, nikaenda kulimwaga birika lake kwenye mtaro. Niliporudi nilimkuta amejikunyata, nikaona haya. Kumbe yeye alikuwa akiogopa kuliko sisi wote, na mikono yake haikujua dawa nyingine. Tukaanza kungoja upya, na safari hii hofu ilikuwa mbaya zaidi, maana Moti alikataa kula.

Asubuhi moja niliteremka kuijaza ndoo. Thuwaiba amesinzia kitini, Bi Dhara hajafika. Moti alikuwa amesimama, na nyuma yake pana choo. Nikaenda karibu, mimi, nikapiga magoti na kuinama. Kilikuwa cha kahawia, kahawia ya kawaida kabisa, kama cha mbwa yeyote wa Unguja.

"Thuwaiba!" niliita. "Inapita! Nyongo inapita!"

Moti akanisogelea, akanilamba mkono, ulimi moto na majimaji. Ndoo ya udongo ilikuwa pale pale mlangoni. Nikauacha mkono aulambe mpaka atosheke.