Nilimfuta Zariani mbele ya baba yake

Naanza na kosa lenyewe, msije mkanionea huruma njiani. Nimemnyang'anya mtoto wa darasa la tatu jina lake. Nilifanya hivyo huku watu wanacheka, na mimi nikafurahi. Jina langu msilitaje. Ifakara ni ndogo, na Lipangalala ni ndogo zaidi.

Nipo kidato cha tatu. Mimi ni mtu wa kuandika daftarini, si wa kuongea. Wageni wakiwa sebuleni napita kama paka aliyeiba. Sasa sikilizeni siku niliyoamua kuongea.

Mjomba wangu na wenzake wana ugonjwa. Walikulia Mngeta, na enzi hizo kulikuwa na banda la video la jenereta, ambako walionyeshwa tamthilia moja ya zamani ya wazungu wanaosafiri angani. Leo ni watu wazima wenye vitambi, mashamba na watoto, lakini wakikutana hawaongelei mpunga. Wanaongelea stelingi, yule shujaa wao, alivyotoka hai kwenye sayari ya moto. "Siku hizi hakuna kazi kama ile," wanasema, na wanatikisa vichwa kama wako msibani.

Mwaka huu mmoja wao akaipata yote kwenye flashi. Jumapili baada ya misa wakajazana kwa mjomba, mikeka ikatandikwa, perege wakakaangwa. Wakamwalika hata Mzee Kipaza, yule aliyekuwa anatafsiri kwa maiki kule bandani, ili atafsiri kama zamani. Siku hizi anachaji simu za watu sokoni. Alikuja amevaa suti, na maiki yake ya zamani mkononi.

Ile tamthilia ni takataka. Chombo cha angani mlango wake ni pazia, na mkono wa anayelivuta unauona kabisa. Sayari zote zina jiwe lile lile, nililijua kwa ufa wake. Kiumbe wa kutisha amevaa glovu za mpira na zipu yake inaonekana mgongoni. Chombo kikipigwa hakitikisiki, ila wao wenyewe ndio wanajirusha kushoto, na kuna mmoja kila mara anajirusha kulia. Wanaume wazima wanashangilia.

Kilichonichefua zaidi ni tafsiri. Mzee Kipaza hajui Kiingereza. Stelingi anasema mafuta yamekwisha, mzee anasema, "Ndugu zangu, hapa anamkumbuka mama yake." Na kuna mwanamke anasimama nyuma anabonyeza vitufe, hasemi neno tangu mwanzo mpaka mwisho. Huyo ndiye Kipaza aliyempa jina la Zariani. Akamfanya mke wa stelingi. Kila chombo kinapokaribia kulipuka, Zariani anasema, "Rudi, mume wangu, mpunga umeiva." Mdomo wake umefungwa kabisa. Mtu akiuliza, Kipaza anajibu, "Kule juu wanaongea kwa moyo."

Banda zima liliamini, na mjomba aliamini kuliko wote. Binti yake wa pekee, aliyempata baada ya kuhangaika sana, akamwita Zariani. Kanisani alibatizwa Veronika, lakini hakuna anayemwita hivyo. Mwenyewe ukimuuliza jina anaringa, "Mimi ni Zariani wa angani."

Siku hiyo alikaa mbele kabisa, pua karibu iguse runinga, anamsubiri mwenye jina lake. Alikuwa hajawahi kumwona.

Alipotokea, mjomba akamwambia binti yake, "Mama, ndiye huyo. Umeona anavyosimama?"

Mtoto akainuka, akasimama vile vile, mkono kiunoni.

Hapo rafiki wa mjomba, Baba Happy, akanigeukia. "Na wewe bubu, mbona unabinua mdomo? Nyie wa siku hizi mnajua nini?"

Wote wakanitazama. Kwa kawaida ningekimbilia jikoni. Nikasema, "Huyo siyo Zariani. Hana jina. Siyo mke wa mtu. Kazi yake ni kubonyeza vitufe, na vitufe vyenyewe havijaunganishwa na kitu."

Baba Happy akacheka. "Hebu endelea, mwalimu."

Nikaendelea. Nikasimama katikati ya mikeka nikatafsiri kipande kizima, neno kwa neno, na katikati nikawa naigiza sauti ya Mzee Kipaza: "Ndugu zangu, mpunga umeiva." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sijawahi kupendwa namna ile. Utamu ukanipanda kichwani, nikawaambia wamemaliza utoto wao wakimlilia mwanamke aliyetungwa na mzee asiyejua hata kusema "good morning".

Nilinyamaza nilipomwona Zariani. Mkono bado uko kiunoni, amesahau kuushusha. Akamgeukia baba yake.

"Baba, kwa hiyo mimi nimepewa jina la nani?"

Wote waliokuwa wanacheka wakaanza kuchambua miiba ya samaki.

Mzee Kipaza ndiye aliyeongea, lakini aliongea na mimi. "Banda lilikuwa limejaa, mjukuu wangu. Watoto wametoka mbali kwa miguu. Ningewaambia sielewi?" Akaizungusha waya maiki yake, akaondoka bila kula.

Zile Jumapili zikafa. Flashi iko juu ya kabati, hakuna anayeigusa. Mjomba hajanigombeza, na heri angenigombeza. Namwamkia, anaitikia marahaba, basi. Zamani mimi pia alikuwa ananiita mama. Sasa ananiita kwa jina.

Na mtoto shuleni anaandika Veronika. Ukimwita Zariani hageuki. Nimejaribu kwa upole, nimejaribu kwa pipi, hageuki.

Nilikwenda sokoni kwa Mzee Kipaza. "Shikamoo babu. Naomba uje umwambie mtoto kwamba mimi ndiye mwongo."

"Marahaba. Hataniamini," akasema, huku anachomeka simu ya mtu. "Ulitafsiri vizuri."

Nikaichukua ile flashi kwa siri nikaangalia upya, mpaka majina yanayopita mwishoni. Yumo aliyeshona nguo, yumo wa nywele, yumo hadi aliyetunza mbwa, na mbwa mwenyewe sikumwona. Yule mwanamke hayumo. Sikuwa na cha kumpelekea mtoto.

Kwa hiyo wewe mjuaji mwenzangu, unayekaa kona ukisubiri zamu yako ya kuumbua wakubwa na kitu chao kibovu, nakuomba. Kibovu kitabaki kibovu hata ukinyamaza. Lile jiwe lina ufa tu, halitakimbia. Kula samaki wako. Maana ukishasimama na kuchekesha watu, kuna mtoto mbele ya runinga amesimama na mkono kiunoni, anasubiri umwambie yeye ni nani, na wewe ulichonacho ni Kiingereza.