Kwa nini wimbo wetu wa rock unanyamaza katikati: kisa cha Awuor na mamake, Kisumu Ndogo

Wakuu niaje.

Uzi ni mrefu, kwa hivyo mwenye chai aiweke karibu. Kuna mtu aliweka link ya wimbo wetu "Kiatu Kimoja" humu, na nusu ya comments zilikuwa zinalalamika. "Mkuu, wimbo umekatika katikati." "Gita zimeenda wapi?" Mmoja akasema producer alilala kazini.

File haina shida. Mimi ndiye ninayepiga gita kwenye huo wimbo. Hicho kimya tulikiweka sisi wenyewe, na kina mwenyewe. Leo nawaeleza kilikotoka. Majina nimebadilisha, lakini chumvi sijaongeza. Wako waliokuwepo siku ile na wamo humu ndani, nikiteleza watanishika shati.

Haya.

Bendi yetu inaitwa Mabati Moto. Tuko watatu. Mimi nimekulia Kisumu Ndogo, Kibera. Shikuku ni wa Kawangware, anapiga drums, na pembeni ya drums amefunga isukuti, ile ngoma ya kwao Magharibi inayofanya watu wazima wacheze na mabega bila kupenda. Na kuna Awuor, mwimbaji, ambaye nyumba yao na yetu zinatenganishwa na ukuta mmoja tu wa bati. Kwa hivyo mambo yao yote nimeyajua tangu utotoni, nipende nisipende.

Mazoezi tulikuwa tunafanyia kwa mjomba wa Shikuku kule Kawangware, kwenye kibanda chake cha kuchomelea milango na madirisha. Jumapili akifunga, sisi tunafungua. Majirani hawakuwahi kulalamika hata siku moja, kwa sababu walidhani mjomba bado anakata vyuma. Hiyo ilikuwa review yetu ya kwanza.

Muziki wenyewe ulikuwa mchanganyiko. Gita langu lilitaka rock ya kelele, vidole vyangu vimelelewa na benga, gita la kwetu la kudensi, Shikuku naye na isukuti yake. Tulikuwa tunagombana kila wiki kuhusu sisi ni bendi ya nini. Watu wa rock walisema sisi ni wa matanga. Watu wa matanga walisema sisi ni wa shetani.

Na hapo kwa shetani ndipo anapoingia mamake Awuor, aliyetuita hivyo hivyo.

Mama Awuor anauza omena, wale dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo. Ni kiongozi wa akina mama kanisani, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya reli. Awuor alipoanza kuimba na sisi, mama alikuja mara moja hadi mlango wa kwetu, akasikiliza rekodi kwenye simu yangu, akanirudishia simu.

"Hii ndio kuimba? Mtu analia kama amefinywa kidole na mlango?"

Halafu akamgeukia Awuor. "Siku utaimba kitu mimi nasikia, nitakuja mwenyewe. Mpaka hiyo siku, usiniite."

Wakuu, Awuor ni mtu wa kucheka hovyo. Siku hiyo hakucheka. Na tangu hapo, kila gig, kabla hajashika maiki, lazima aangalie mlangoni kwanza. Mimi na Shikuku tulikuwa tunajua anaangalia nini, lakini hatukumuuliza.

Sasa tuje kwa kimya.

Gig yetu ya kwanza ya maana ilikuwa kwenye baa moja hapo Kisumu Ndogo, Jumapili mchana. Tumepanga wimbo vizuri, unaanza chini, unapanda, unapanda, halafu unalipuka. Tulipofika karibu na kulipuka, mzee mmoja fundi wa mawe akasimama na kuinua mkono.

Kwa wale wa Dar na Mombasa ambao hamjui: hiyo inaitwa pakruok. Kwetu Wajaluo, mtu akiwa kwenye muziki, akiguswa, anainua mkono, wanamuziki wanasimama, anawatunza pesa kidogo, halafu anajisifu. Anajisifu yeye, mke wake, rafiki zake, hata ng'ombe. Akimaliza anasema "pigeni," na muziki unarudi. Kila mwanamuziki wa kwetu anajua hilo. Mkono ukiinuka, unasimama.

Sisi hatukusimama. Tulijiona rockstars. Rockstar anasimamishwa na nani?

Mzee alitembea hadi mbele, taratibu kabisa, akashika shingo ya gita langu kwa ule mkono wake wa kupasua mawe. Gita likanyamaza. Hata kama ni wewe ungenyamaza.

"Nyinyi watoto, mtu anataka kujisifu, mnamfunika na kelele?"

Mimi nikaganda. Awuor akaganda. Aliyetuokoa ni Shikuku. Aliacha vijiti, akashuka kwenye isukuti, akaanza kuipiga kwa vidole pole pole, kama mtu anabisha mlango wa mgonjwa.

Mzee akatulia. Akakohoa. "Mimi ni mwamba. Shoka likinigusa linaomba msamaha!" Baa nzima ikaitikia. Akasifu mke wake, akasifu timu yake ya Gor, akaachilia gita langu. "Pigeni!"

Nikapiga na distortion, ule mngurumo wa rock, yote niliyokuwa nayo, pale pale tulipokuwa tumeachia. Watu wakaruka juu, meza ikaanguka. Baada ya gig Shikuku akatuambia, "Wasee, hiyo ndio sound yetu," na tangu siku hiyo hatukugombana tena kuhusu sisi ni bendi ya nini. Rock inayosimama mtu akitaka kujisifu.

Jina likatoka. Tukapiga Makina kwenye uwanja, Sarang'ombe, Kawangware mpaka wakatuzoea. Mama mboga akisimama kujisifu, tunasimama. Makanga akitaka kujisifu, tunasimama. Asiye na kitu cha kutunza tulimwachia hivyo hivyo. Niliwahi kuona jamaa mzima akijisifu kwamba ameacha pombe, halafu akalia, na watu wakampigia makofi kuliko sisi.

Mama Awuor peke yake ndiye hakuja. Tulikuwa tunapiga mita chache kutoka kwa meza yake ya omena, na yeye anafunga anaenda maombi.

Tukapata meneja, kijana anaitwa Kevo. Kevo hakuwa mbaya, msimtukane kwa comments. Alitupigania kweli. Ni yeye aliyetuingiza kwenye shindano la bendi kwenye ukumbi mmoja mkubwa upande wa Westlands. Ukishinda unarekodi albamu nzima na unazungushwa Kampala, Arusha, Dar. Kwa bendi ya kufanyia mazoezi kwenye kibanda cha welding, hiyo ilikuwa mbingu.

Sharti la Kevo lilikuwa moja. "Maze, pakruok ni poa mkiwa mtaani. Huku kuna saa. Mkizidisha time mnatolewa. Hakuna kusimama, sawa?"

Tukasema sawa. Sote watatu. Awuor ndiye aliyesema kwa sauti kubwa zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi una AC, watu wana vikombe vya kahawa vyenye majina yao. Saa kubwa ukutani inahesabu kurudi nyuma, na juu yake kuna taa. Ikiwa nyekundu, kwisha maneno.

Awuor aliangalia mlangoni kama kawaida yake. Halafu akafunga macho akaanza.

Wimbo wa mwisho ulikuwa "Kiatu Kimoja." Huu aliuandika yeye. Ni kuhusu mwanamke anayembeba mtoto mgonjwa kwenye mvua kubwa, tope la Kisumu Ndogo linameza kiatu chake kimoja, na yeye harudi kukichukua. Anafika hospitali na kiatu kimoja, anapanga foleni na kiatu kimoja, na watu wanamcheka. Verse zake ni za chini, bila kelele, kila neno linasikika. Kelele inakuja mwishoni.

Tuko verse ya pili inaisha, mimi mguu tayari uko juu ya pedal ya distortion, nikasikia drums zimekatika.

Isukuti. Vidole. Pole pole.

Nikageuka nimtukane Shikuku. Kevo yuko pembeni ya steji anazungusha mkono kama mtu anafukuza nyuki, endeleeni, endeleeni. Shikuku hata hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia mbele. Baadaye aliniambia hakuamua chochote, mikono yake iliona mkono umeinuka ikashuka yenyewe.

Kule nyuma ya ukumbi alikuwa amesimama Mama Awuor. Kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, mfuko wa karatasi umebanwa kwapani, mkono juu.

Mlinzi alikuwa anamwonyesha kiti. Hakukaa.

Awuor alikuwa bado amefunga macho. Aliposikia hakuna drums, akafungua kwa hasira, akageukia Shikuku, halafu akafuata macho ya Shikuku. Akaangalia saa ukutani. Akaangalia mamake. Ilibaki dakika ya kumalizia wimbo tu, basi.

"Wasee, simameni," akasema kwenye maiki. "Huyo ni mathe."

Mama alitembea katikati ya hao watu wote bila haraka. Akafika mbele, akakataa kupanda steji, akashushiwa maiki. Aliishika kwa mikono miwili.

"Mimi ni nyar Alego."

Yaani binti wa Alego. Majaji wanaangaliana.

"Mimi mvua ya mawe. Sichagui bati ya tajiri na bati ya maskini, zote nagonga!" Nyuma huko kulikuwa na vijana wa Kibera waliotusindikiza, wakaitikia kwa nguvu. "Mimi nimekaanga omena mpaka paka wa Kisumu Ndogo wananijua na jina!"

Ukumbi ukacheka. Mimi mdomo wazi. Huyu ndiye aliyetuita watu wa shetani? Nilikuja kuambiwa baadaye na mama yangu kwamba zamani, kabla hajaokoka, hakuna mwanamke aliyekubali kujisifu baada ya Mama Awuor. Walikuwa wanaogopa.

Halafu akamwonyesha Awuor kwa kidole. Isukuti inaendelea pole pole.

"Huyu msichana mnaona hapa ni wangu. Watu waliniambia amepotea. Na mimi pia niliambia watu amepotea."

Awuor akaweka mkono mdomoni.

"Hajapotea. Leo nimemsikia. Hicho kiatu ni changu. Hakuna mtu alijua, nilidhani hata yeye alikuwa mdogo hawezi kumbuka." Akapumua. "Hiyo sauti pia ni yangu. Mimi niliifungia kwa sanduku, yeye akaenda akaifungua. Nyathina, mtoto wangu, umefanya vizuri."

Taa ikawa nyekundu. Mimi niliiona, Kevo aliiona, majaji waliiona.

Mama hakuiona, au labda hakujali. Akatoa ule mfuko wa karatasi kwapani, akauweka kwenye ukingo wa steji. Omena. Hiyo ndiyo tuzo yake. Harufu ikapanda hadi kwa majaji kabla ya kelele zetu.

"Sasa pigeni," akasema.

Na tukapiga. Shindano lilikuwa limeshaisha kwetu, kila mtu alijua, lakini sijawahi kupiga gita vile na sidhani nitapiga tena. Awuor aliimba analia, na alipofika kwenye ile kelele ya mwisho, ile ya mtu aliyefinywa kidole, mamake alikuwa ameinua mikono yote miwili.

Tulitolewa. Sheria ni sheria, na waliochukua zawadi walikuwa wazuri, tuliwapa mkono. Kevo alikaa na sisi mwezi hivi, akatafuta bendi inayotunza saa. Simlaumu. Kampala sijaiona hadi leo.

Huwa inaniuma? Inaniuma, nisiwadanganye. Nikiona poster za hao jamaa wakizunguka, nafunga simu. Lakini siwezi kusema Awuor alikosea. Mtu amesubiri miaka mkono mmoja uinuke, unainuka, halafu umwambie subiri saa?

Omena tulikula siku hiyo hiyo kwa mjomba wa Shikuku, kwa ugali. Shikuku anakana hadi kesho kwamba ndiye aliyemwambia mama kuhusu shindano. Lakini jueni kwamba Mluhya anayetoka Kawangware kila wiki kununua omena Kibera kwa Mama Awuor, na kuku wanaopendwa kwao wapo, huyo ana jambo.

Juzi tulipopata nafasi ya kurekodi "Kiatu Kimoja" kwa nguvu zetu wenyewe, tulifika pale katikati. Isukuti tukaibakisha. Awuor akamfuata mamake, amwombe aje studio aseme yale maneno tena.

Mama alikataa, anapima omena kwenye gorogoro, lile kopo lake la kupimia, hata hakuinua kichwa.

"Yangu nilishasema. Hapo waachieni wengine."

Kwa hivyo wakuu, hicho kimya si cha kwetu tena. Funzo nililopata ni moja tu: ukiwa mbioni kwenda kushinda, angalia nani ameinua mkono, maana wengine huuinua mara moja tu maishani.

Sasa rudini mkausikilize. Mkifika pale gita zinaponyamaza, msiguse volume. Inueni mkono, mje hapa chini mjisifu, hata kama ni kuacha pombe, hata kama ni kufika hospitali na kiatu kimoja. Sisi tutasubiri.