Kitambaa cha Mama Juu ya Kamera

Jumamosi iliyopita kamera ya nyumbani kwa Mama ilizimika, na mimi ndiye niliyetumwa. Kaka yangu anayefanya kazi Nairobi ndiye aliyeifunga pale sebuleni, kijijini kwetu karibu na Nkubu huko Meru, baada ya Baba kufariki, ili sisi watoto tuweze kumwona Mama kwenye simu zetu. "Screen ni nyeusi na mathe hashiki simu," aliniambia. "Wewe ndiye uko karibu hapo Embu. Si uende ucheki?" Nilikuwa nimechoka, rafiki yangu, uchovu ule wa ofisini usioisha kwa kulala. Lakini nilikwenda, roho mkononi, maana Mama ana presha na anaishi peke yake.

Nilimkuta jikoni akimenya ndizi mbichi, mzima kabisa. Simu yake ilikuwa chumbani, chini ya mto. Sebuleni, kamera ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kimefuliwa na kupigwa pasi. Nilikaa kwenye kochi nikacheka peke yangu, kisha nikainuka kukishika, kwa sababu kitambaa kile nilikijua.

Kilikuwa cha televisheni. Tulipokuwa wadogo, televisheni yetu ya picha nyeusi na nyeupe ilifunuliwa Jumamosi jioni tu. Asubuhi tulichuma kahawa, mchana tukakata majani ya ng'ombe, naye Baba akaenda sokoni kuichukua betri ya gari iliyopelekwa kuchajiwa, akaileta kwa wilbaro. Kumenya ndizi za mukimo, chakula chetu cha kuponda, ilikuwa kazi yetu watoto, na utomvu wake ulitutia weusi vidoleni usiotoka hata kwa sabuni ya kufulia. Jua likianza kuzama, jirani angeita "Muga!" pale langoni, ndiyo salamu yetu Wameru, na nyuma yake wangefuata watu ambao hakuna aliyewaalika. Mama hakuuliza kitu. Aliongeza maji kwenye chai.

Kaka yangu alisimama nje kwenye manyunyu akizungusha mti wa antena, mimi nikakaa mlangoni nikimpelekea habari: bado, rudisha kidogo, imeshika, hapo hapo usiguse. Mara nyingi ilishika alipokuwa ameushika mti mwenyewe, akiuachia tu picha inapotea, kwa hiyo nusu ya kipindi alikisikiliza kupitia dirishani. Ndani, mwalimu wetu wa shule ya msingi alitufasiria Kiingereza kwa Kimeru, na chumvi aliijua kuitia. Wakati wa mieleka Nyanya alimwombea yule anayepigwa.

Huyo Nyanya ndiye mwenye kitambaa, tukisema kweli. Msomaji wa habari alipotokea, Nyanya alivuta leso ikafunika magoti, akaitikia salamu yake kwa heshima zote. Aliamini yule bwana anatuona. Mwalimu alijaribu kumweleza mpaka akachoka. Nyanya akamwagiza Mama awe anakifunika kile kitu tukishamaliza, asije mwanamume wa watu akatutazama tukivua nguo. Ndipo Mama alipokaa chini akakifuma kitambaa hiki. Tulimcheka Nyanya miaka na miaka. Leo kitu cha sebuleni kinatuona kweli, naye hayupo tumwombe radhi.

Nilimrudia Mama jikoni nikamuuliza kwa nini ameifunika kamera. Kwanza alisema ni vumbi. Halafu akasema ni jua la dirishani. Mwishowe, bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi, alisema kwa Kimeru maneno haya:

"Kitu chenu kile kikiwa wazi mnaniona, mnanyamaza. Nikikifunika, mnakuja."

Nilichukua kisu nikaanza kumenya naye. Sitaki kuusifu umaskini. Betri ilikuwa ikiisha katikati ya mieleka na tukalala bila kujua nani ameshinda. Lakini siku hizi televisheni ya Mama ni pana kuliko dirisha, inawaka kutwa, na viti vyote ni vitupu. Jirani ana ya kwake. Mwalimu mstaafu anatazama yake kwenye simu, na mvua ikinyesha kila mtu anafunga mlango. Zamani hakuna aliyehitaji kumchungulia Mama kujua kama yu hai. Kulikuwa na mtu wa kumwomba chumvi, mtu wa kumrudishia sufuria, mtu wa kukaa tu. Nilihuzunika, na nilichoka kuliko nilivyokuwa nilipofika.

Simu yangu ililia. Kaka alitaka kujua kama shida ni umeme au ni intaneti, ili Jumatatu atume fundi. Mama aliacha kumenya, akanitazama.

"Usitume fundi," nilimwambia. "Njoo wewe."