Alama za Kamba

Kazi yangu ni kushona viatu na mabegi mjini Kasulu, na hadi mwaka juzi tandiko la farasi nilikuwa nimeliona kwenye filamu za makauboi tu. Aliyeniletea ni mama mmoja mwenye duka Kibondo. Zamani alimpangisha nyumba daktari wa mifugo, Mmarekani aliyekulia kwenye ranchi. Mzee yule hakuwahi kupata farasi huku. Tandiko lake aliliweka sebuleni, juu ya gogo. Alirudi kwao kutibiwa, akafia huko. Sasa binti yake alikuwa anakuja kulichukua, na panya walikuwa wametafuna mikanda.

"Lirudishe kama jipya, fundi," mama aliniambia. "Nisiaibike mbele ya mtoto wa watu."

Mikanda haikunisumbua. Nilikaa muda mrefu nikiyatazama maua yaliyonakshiwa kwenye ngozi, jani juu ya jani, kazi ya mkono usiotetemeka. Kilichoniudhi ni kipembe kilichochomoza mbele ya kikalio. Ngozi yake ilikuwa imelika, ina mifereji myeusi pande zote. Nikakata ngozi mpya ya kukivisha, nikashika kisu nifumue mshono wa zamani.

Mke wangu alikuwa ameniletea chai. Akauliza mifereji ile imetokana na nini. Nikasema sijui.

"Sasa unaondoaje kitu usichokijua?"

Nilikasirika kidogo, lakini nikaweka kisu chini.

Jumamosi nililipeleka Kibondo, tukaliweka juu ya gogo lake sebuleni. Binti, mwanamke wa makamo mwenye Kiswahili alichojifunza hapohapo utotoni, hakuitazama mikanda. Alipitisha kidole kwenye mifereji ya kipembe.

"Kamba ya baba," alisema. Akatueleza kwamba kauboi akishamnasa ng'ombe kwa kitanzi, huizungusha kamba pale upesi ili farasi amzuie, na kamba ikikimbia huunguza ngozi. "Njia nzima nimeogopa kwamba fundi ataifuta."

Niliomba kiti. Nilipokwisha kukaa nikamwambia ukweli wote, hadi kile kisu. Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akapanda juu ya tandiko, palepale sebuleni, tukampiga picha. Mama mwenye duka alikataa mara mbili, halafu akakunja kanga yake, akapanda naye.

"Kumbe ni pazuri," alisema, na hakuwa na haraka ya kushuka.