Pweza Aliyefika kwa Ng'ombe

Jumamosi nilishuka Manyara kwa ndege ndogo kutoka Zanzibar, nikabeba deli langu la pweza hadi nyumbani Karatu. Mkaa ulishakolea nilipolifungua. Ndani, juu ya barafu, zilijaa chupa za chanjo ya ng'ombe. Nikabaki nimeshika kisu. Simu ikaita.

“Shikamoo mzee. Mimi daktari wa mifugo, tulipanda ndege moja. Namba yako nimeikuta ndani ya kifuniko.”

“Marahaba. Uko wapi?”

“Ngorongoro, bomani. Ng'ombe wote wako zizini tangu asubuhi.” Akashusha sauti. “Nimewafungulia pweza.”

Nikalisogeza deli mbali na jiko. Nikamuuliza wafugaji wanasemaje.

“Niliwatangazia leo tunachoma chanjo. Sasa mzee mmoja anauliza kama walete kuni.”